Usiku wa kijana hauishi alfajiri

Mzazi anapomleta kwangu kijana wa miaka 15 asiyeamka, mara nyingi jina la ugonjwa anakuja nalo: uvivu. "Daktari, usiku yuko macho, asubuhi namwita mpaka sauti inanikauka." Kabla sijasema lolote humvisha kijana kifaa kidogo mfano wa saa ya mkononi. Hukaa nacho wiki mbili, usiku na mchana, nacho hurekodi kila mkono unapojongea.

Kisha tunaitazama chati pamoja. Kila siku ina mstari wake. Vijiti vyeusi vya mwendo vimesongamana hadi karibu saa sita usiku, vinapungua, panabaki peupe. Saa 12 asubuhi vinarudi kwa mkupuo: hapo ndipo alipoamshwa. Jumamosi ule weupe unakwenda hadi saa nne. Mzazi huigusa Jumamosi kwa kidole, kama aliyepata ushahidi. Mimi naona deni la usingizi linalipwa.

Balehe huisogeza mbele saa ya mwili. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa, wakati mwingine kwa saa mbili hivi kuliko utotoni. Uchovu wa mchana nao hujikusanya polepole zaidi. Mwanga wa simu huongeza tatizo, na sikatai kuizima mapema, ila ucheleweshaji huu umeonekana hata kwa wanyama wengine wanaonyonyesha wanapofikia umri wa kupevuka. Basi piga hesabu: kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, akisinzia saa 5:30 usiku na kuamshwa saa 12, amepata sita na nusu.

Nikisema shule zianze baadaye, hujibiwa kwamba vijana watachelewa zaidi kulala. Ni hoja ya haki, na imepimwa. Mwaka 2016 jiji la Seattle, Marekani, lilisogeza mwanzo wa masomo ya sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi. Watafiti waliwavisha wanafunzi wa shule mbili vifaa kama hiki changu, kabla na baada ya badiliko. Vijana hawakusogeza muda wa kulala; waliamka baadaye tu, na usingizi wa siku za shule ukaongezeka kwa dakika 34. Kinachonigusa zaidi ni kwamba katika ile shule yenye wanafunzi wengi wa familia zenye kipato kidogo, mahudhurio yaliongezeka na uchelewaji ukapungua. Tangu 2022, sheria ya California inakataza sekondari nyingi za juu kuanza kabla ya saa 2:30.

Kwa mzazi aliye mbele yangu naanza na yaliyo mikononi mwake. Kijana apate mwanga wa jua mara tu aamkapo. Wikendi aachwe alale zaidi kidogo, isifike saa nne, maana saa ya mwili itasogea tena na Jumatatu itakuwa ngumu zaidi. Na neno mvivu lisitamkwe mbele yake; wengi wao wameshaanza kuliamini.

Kengele ya shule siwezi kuiandikia dawa. Ndiyo maana bodi ya shule ikinialika kikaoni sikosi, nami hubeba chati hizi, zikiwa zimefutwa majina.