Rhodes kwa mara ya pili: kuta za kale, jumba la juzi

Nilipofika Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, mara ya kwanza, Jumba la Mkuu wa Manaiti, wale wapiganaji wa Kikristo waliokitawala zamani, lilinishika kuliko kitu kingine chote. Kwa minara ile na mawe yale ya rangi ya asali, nilidhani natazama karne ya 14. Nimerudi mwezi huu baada ya miaka mingi ya kuhifadhi majengo Mji Mkongwe, Zanzibar, na safari hii niliinamia viungo vya mawe kabla ya kuinua macho. Mawe yamekaa sawasawa mno, kingo zake bado kali. Jiwe lililonyeshewa miaka 600 halibaki hivyo.

Mwaka 1856 baruti iliyohifadhiwa chini ya kanisa la jirani ililipuka, jumba likawa gofu. Waitaliano, walioitwaa Rhodes 1912, ndio waliolijenga upya kati ya 1937 na 1940. Sakafuni wakatandaza mozaiki za kale, yaani picha za vijiwe, walizozileta kutoka kisiwa cha Kos.

Mtaa wa Manaiti, unaoteremka kutoka jumbani hadi hospitali yao ya kale, uliniuma zaidi. Waosmani, yaani Waturuki, waliuteka mji 1522 baada ya mzingiro wa miezi sita, wakakaa karibu miaka 400. Wakati wao nyumba za mtaa ule zilitokeza roshani za mbao, kitu ambacho mtu wa Shangani, kule Mji Mkongwe, angekitambua mara moja. Waitaliano wakaziondoa ili mtaa urudi enzi za manaiti. Kwangu huo si ukarabati tu. Ni kuchagua wakaaji gani wakumbukwe.

Ndiyo maana nawashauri muanzie handakini, nje ya ukuta wa mji wenye urefu wa kilomita 4 hivi. Pale mnaona jinsi manaiti walivyounenepesha baada ya mzingiro wa 1480, mizinga ilipowaonyesha kuwa ukuta mwembamba hauwafai tena.

Nilimalizia mtaa wa Wayahudi, upande wa mashariki. Sinagogi ya Kahal Shalom, ya 1577, ingali imesimama. Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi zaidi ya 1,600 wa kisiwa hiki na kuwapeleka Auschwitz, kambi ya mauaji. Jamaa zao wengi walikuwa wameshahamia Kongo kabla ya vita, wakafanya biashara Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Majina ya familia zilizopotea yamechongwa ukutani. Niliyasoma yote, moja baada ya jingine, hadi mlinzi alipokuja kufunga.