Ekeveria Huuawa na Maji Kuliko Kiu

Wengi wanaotuuliza kwa nini ekeveria zao, mimea ya mapambo yenye majani manene, zinakufa hutueleza kwamba wanazimwagilia kila siku. Mara nyingi hapo huwa tumeshapata jibu.

Asili ya ekeveria ni Meksiko, Amerika ya Kati na kaskazini-magharibi mwa Amerika ya Kusini, ambako nyingi huota kwenye miamba na magenge, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami. Majani yake manene, yaliyojipanga duara mithili ya waridi, ndiyo ghala lake la maji. Jua linapowaka, ekeveria hufunga vitundu vya kupitishia hewa vilivyo kwenye majani, kisha huvifungua usiku, ikavuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba hadi kupambazuke. Kwa hiyo hupoteza maji kidogo mno. Mizizi yake nayo huhitaji hewa. Ikikaa kwenye tope, huoza.

Achana na ratiba ya kumwagilia. Chomeka kijiti hadi chini ya chungu. Kikitoka na unyevu, subiri. Udongo ukikauka kabisa, mwagilia mpaka maji yatokeze chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Lenga udongo, maana maji yakituama katikati ya majani huozesha kichwa, yaani lile duara la majani.

Jani lililokunjamana huku udongo ukiwa mkavu lina kiu. Likiwa la njano, teketeke na linapenyeza mwanga, maji yamezidi. Hali inayowachanganya wengi ni majani kukunjamana ilhali udongo umelowa: hapo mizizi imeshaoza, na kuongeza maji ni kuumaliza mmea. Ung'oe, kata mpaka ufikie shina zima lisilo na weusi, uache ukauke siku kadhaa ndipo uupande upya. Majani ya chini kabisa kukauka moja moja si ugonjwa.

Changanya udongo na mchanga wa chembe kubwa au kokoto ndogondogo, nusu kwa nusu. Mchanga laini huziba. Chungu kiwe na tundu. Kutandika mawe chini ya chungu kisicho na tundu, jambo tunaloliona mara kwa mara, hakusaidii kitu, kwa sababu maji hayana pa kutokea.

Ekeveria ikikosa mwanga hurefuka shina na majani huachana. Shina hilo halitarudi kuwa fupi hata ukiuhamishia mmea juani. Kata kichwa, kikaushe, kipande; kisiki nacho huchipua. Ukiutoa ndani kwenda juani, uzoeshe polepole, la sivyo majani yatababuka. Na usifute ule unga mweupe wa nta ulio juu ya majani ukidhani ni vumbi: huyakinga na jua, na ukifutika haurudi kwenye jani hilo.

Kuzidisha mimea ni rahisi. Zungusha jani taratibu ling'oke na kitako chake, kwani likikatika katikati halichipui. Liache kivulini siku mbili tatu, kisha lilaze juu ya udongo. Mizizi na kichipukizi hutokea baada ya wiki kadhaa; jani mama usilitoe, kwani linakilisha kichipukizi mpaka linyauke lenyewe.

Ukiona vijipamba vyeupe kwenye makwapa ya majani, hao ni vidung'ata. Tenga mmea huo na mingine, uwaguse wadudu kwa pamba iliyochovywa spiriti, na urudie kila wiki mpaka waishe.