Je, wajua? Muuaji anakamatwaje kwa DNA ya ndugu asiyemjua?

Aprili 2018 polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo, mzee wa miaka 72, kwa mauaji ya miaka ya sabini na themanini. Aliwahi kuwa askari polisi mwenyewe, hadi alipofukuzwa mwaka 1979 kwa kuiba dukani nyundo na dawa ya kufukuzia mbwa.

Wengi waliielewa habari ile hivi: mzee alipima vinasaba kwa udadisi, polisi wakamkuta mtandaoni. Hadithi tamu, ila si kweli. DeAngelo hakupeleka mate yake popote, wala si kaka au mwanawe aliyemponza. Polisi walitafuta kwa DNA aliyoiacha muuaji kwenye eneo la uhalifu, na waliopatikana kwenye hifadhi ya mtandaoni ya GEDmatch, ambako watu hupakia wenyewe matokeo yao wakitafuta jamaa, walikuwa ndugu wa mbali mno. Wangeweza kukaa naye kiti kimoja cha basi safari nzima bila kujuana. (Polisi walianza kwa kutaja GEDmatch peke yake, baadaye magazeti yakabaini kwamba kampuni nyingine pia zilitumika.)

Ndugu wa namna hiyo anasaidia nini? Kumbukumbu ya polisi wa Marekani hulinganisha sehemu 20 tu za DNA. Zinatosha kusema "ndiye" au "siye", pengine kumgundua mzazi au ndugu wa tumbo moja. Vipimo vya ukoo husoma nukta mamia ya maelfu, na hapo ndipo urefu wa vipande vinavyofanana unapoonekana.

Chukua kanga ya bibi mmoja. Kila kizazi kinaikata, kinaishonea vipande vya kanga za ukoo mwingine, kisha kinarithisha nusu tu. Wajukuu wawili wakiwa na kipande kirefu ambacho jina lake bado lasomeka, bibi yuko karibu. Wakibaki na kidokezo cha pindo na nusu ya neno, mkasi umepita mara nyingi. Kipande kinakuambia mkasi ulipita mara ngapi. Kilipitia mikono ya nani, hakisemi. Vilembwe (watoto wa vitukuu) wa babu na bibi mmoja hufanana kwa wastani chini ya asilimia 1 ya DNA.

Kilichobaki ni makaratasi. Mpelelezi Paul Holes, mtaalamu wa nasaba Barbara Rae-Venter na wenzao walipanda hadi kwa mababu wa karne ya 19, wakashuka tawi kwa tawi kwa sensa, vyeti na matangazo ya vifo, wakichuja kwa jinsia, umri na makazi. Mchujo hukosea. Mwaka 2017 jaribio la awali, lililotegemea kromosomu Y (sehemu ya DNA ambayo baba humrithisha mwana wa kiume), liliwafikisha kwa mzee wa Oregon asiyehusika kabisa.

Kwa hiyo mti wa ukoo haukuwa ushahidi. Polisi walipangusa kitasa cha gari la DeAngelo, wakaokota tishu kwenye pipa lake la taka, wakalinganisha kwa njia ileile ya zamani. Juni 2020 alikiri mauaji 13. Ubakaji mwingi haukushtakiwa. Muda wa kisheria ulishapita.

Utafiti wa 2018 katika jarida la Science ulikadiria kuwa kwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya, upekuzi kama 60 kati ya 100 ungempata ndugu wa kiwango cha vilembwe au wa karibu zaidi. Kwetu kadirio hilo halihamishiki, maana hifadhi hizo zimejaa watu wa asili hiyo. Na hata ndugu akipatikana, daftari la vizazi la Tabora la mwaka 1890 utalitoa wapi?