Siimbi, Sihubiri, Basi Sina Kipaji?

Kila kwaya yetu inapopokea wanakwaya wapya, hakosi kuja mtu wa aina ile ile. Moyo mweupe, viatu vimepigwa rangi, daftari la nyimbo ameshalinunua. Napiga do kwenye kinanda, yeye anatoa kitu kilichoko kati ya la na ti. Narudia, naye anarudia pale pale, kwa nguvu zaidi. Nikimwuliza kwa nini kwaya hasa, ananijibu, "Mwalimu, nami nataka kumtumikia Mungu." Nikimweleza kwa upole kwamba sikio lake halishiki sauti, anainamisha kichwa: "Basi mimi Mungu hakunipa kitu."

Hiyo sentensi ya mwisho nimeisikia mpaka nimeichoka.

"Kipaji ni kuimba au kuhubiri, mengine ni kazi tu"

Najua inakotoka. Tukiandaa usiku wa vipaji vya vijana, ratiba ni kwaya, mashairi, ngonjera na igizo la mwana mpotevu. Hakuna anayepanda jukwaani kuonyesha alivyofunga hesabu za mwaka bila shilingi kupotea. Mtoto anakua akijua kwamba mwenye kipaji ni yule anayeshika maikrofoni, na wengine tumeumbwa kujaza mabenchi.

Sasa fungua Kutoka 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita kwa jina Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na kumjaza roho yake. Kwa kazi gani? Kufua dhahabu, fedha na shaba, kukata vito, kuchonga miti. Msaidizi wake ni Oholiabu wa kabila la Dani, fundi mwenzake. Hatuambiwi kama walijua kuimba. Ukifika sura ya 35 utawakuta wanawake wanaosokota singa za mbuzi, na sura inayofuata singa hizo zinakuwa mapazia ya kufunika maskani, yaani lile hema la ibada. Bila mikono yao, mahali patakatifu pangenyeshewa.

Yafa kulikuwa na mama aliyeitwa Tabitha, yaani Dorkasi. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Huo ndio ulikuwa wasifu wake wote, na Luka akaona unastahili kuandikwa katika Matendo 9. Paulo naye katika Warumi 12 anataja kukirimu, kusimamia na kurehemu katika orodha moja na unabii na kufundisha, wala hazitengi kando kama karama za daraja la pili. Barua hiyo yenyewe iliandikwa kwa mkono wa mtu aitwaye Tertio. Anajitokeza mara moja tu, 16:22, anatusalimu, anatoweka. Tunahubiri kutoka Warumi mwaka mzima na hatumkumbuki, lakini mwandiko ulikuwa wake.

Kinachoniudhi ni hasara. Nimewahi kuwa na mwimbaji wa besi, mhasibu kwa taaluma, aliyekuwa akiivuta safu nzima chini nusu sauti kila Jumapili. Wakati huo huo mapato ya usharika yalikuwa yakiandikwa nyuma ya bahasha, na kila mkutano mkuu unaishia kwa kelele. Mtu aliyeweza kutuletea amani yuko nyuma yangu anahangaika na ukurasa wa wimbo! Nilipomwomba akaisaidie kamati ya fedha alikasirika, akaona namfukuza katika utumishi. Alikwenda kwa shingo upande. Mkutano uliofuata ulimalizika kabla ya saa saba, jambo ambalo wazee wetu wanalihesabu kati ya miujiza.

Ushauri wangu, na hapa sibadiliki: usijipime kwa kuangalia waliosimama mbele. Angalia simu yako. Watu wanakupigia kwa shida gani? Kuna mtu ambaye kila ukitokea msiba mtaani ndiye anayeitwa kupanga chakula cha watu mia tatu kwa mchango wa watu arobaini, na kinatosha. Kuna anayeitwa ndugu wakigombea shamba, akitoka wanakula pamoja. Kuna mama anayejua nyumba yenye mgonjwa wiki nzima kabla mchungaji hajapata habari. Ukiwauliza kipaji chao watakwambia hawana. Mgonjwa na wafiwa wangejibu vingine.

Na kama sauti ipo kweli, njoo, na uje mapema, maana waimbaji wa tena, sauti ya juu ya wanaume, wameniishia.

"Nimepewa talanta moja tu"

Watu husema hivi kama wanazungumzia sarafu iliyobaki mfukoni. Katika mfano wa Mathayo 25 bwana anawaachia watumwa watatu talanta tano, mbili na moja wazizalishe, na talanta ilikuwa fedha nyingi mno, denari kama 6,000. Denari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, ndivyo walivyopatana wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Ondoa sabato na sikukuu, unapata mshahara wa miaka kama ishirini. Mtumwa wa tatu alichimba shimo akafukia hiyo. Tena yule wa talanta mbili alipoleta faida yake alipata sifa neno kwa neno sawa na wa talanta tano. Linganisha mstari wa 21 na wa 23.

"Nanyamaza kwa unyenyekevu"

Yule mtumwa hakujitetea kwa unyenyekevu. Alisema aliogopa, na bwana wake akamwita mlegevu. Musa naye alijaribu kisingizio cha kinywa kizito katika Kutoka 4, hadi hasira ya Bwana ikawaka. Hata hivyo hakuachwa bila msaada: alipewa Haruni aseme kwa niaba yake. Mwenye aibu halazimiki kusimama peke yake, ila kukaa tu ndiko kusikoruhusiwa.

"Roho ataongoza, mazoezi ya nini?"

Hawa ninao, na huwa hawaji Jumamosi. 1 Nyakati 25 inahesabu waimbaji wa hekalu 288, na inasema walikuwa wamefundishwa, wote wastadi. Timotheo alikuwa na karama tayari, ila Paulo bado anamwambia aichochee. Roho Mtakatifu hatakuja kuimba sauti ya pili kwa sababu wewe ulikuwa sokoni.

"Kipaji cha Mungu ni cha ndani ya kanisa"

Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Afrika Kusini, na mwalimu wa kwaya pia. Mwaka 1897 alitunga wimbo wa sala. Alifariki mwaka 1905. Tuni yake leo, kwa maneno ya Kiswahili, ndiyo tunayosimama kuiimba katika "Mungu Ibariki Afrika", uwanjani, shuleni na bungeni, Wakristo na Waislamu pamoja. Kama angeifungia ndani ya usharika wake, sijui sisi tungeimba nini.

"Kumlipa mpiga kinanda ni kuuza karama"

Hili husemwa sana na watu wasiopiga kinanda. Someni Nehemia 13, hasa wazee wa baraza. Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mtu shambani kwake, kwa kuwa hawakupewa mafungu yao. Angeweza kuwakemea waimbaji kwa kupenda fedha. Aligombana na wakuu. Kisha akawarudisha waimbaji mahali pao, Yuda wote wakaleta zaka za nafaka, divai na mafuta, na juu ya maghala akaweka watunza hazina walioaminika, mmoja wao Sadoki mwandishi, ili wawagawie ndugu zao. Kwa hiyo waliohakikisha kuna wa kuimba hekaluni walikuwa watu wa hesabu. Mpiga kinanda wetu anaomba nauli ya bodaboda tu.