Deni na kubana matumizi Ulaya: yanayosemwa na yanayopimwa

Dhana: serikali ikifunga mkanda, deni linashuka.

Mzigo wa deni hupimwa kwa kuligawanya kwa pato la taifa, na pato nalo huguswa na hatua hiyohiyo. Tuseme pato ni euro 100 na deni 120. Serikali inakata matumizi ya euro 3. Kama kila euro inayokatwa inapunguza pato kwa senti 50, pato linabaki 98.5. Kodi inayopotea, tukiikadiria kuwa asilimia 40 ya pato lililopungua, ni 0.6, hivyo deni linakuwa 117.6. Uwiano unashuka kutoka 120% hadi 119.4%. Lakini kila euro ikiondoa euro 1.50 ya pato, pato linakuwa 95.5, kodi inapungua kwa 1.8, deni ni 118.8, na uwiano unapanda hadi 124.4%. Watu wameumia, na mzigo umeongezeka.

Kiwango hicho cha pato linalopotea kwa kila euro huitwa kizidishi, na ndipo watabiri walipokosea. Olivier Blanchard na Daniel Leigh wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, walilinganisha utabiri wa mapema 2010 na ukuaji halisi katika nchi 26 za Ulaya. Palipopangwa kubana zaidi kwa 1% ya pato, uchumi uliishia chini ya utabiri kwa takriban 1%. Kama kizidishi kilichotumika kingekuwa sahihi, makosa hayo yasingehusiana kabisa na ukubwa wa mpango. Watabiri walikuwa wamechukua kama 0.5, kilichojitokeza kilizidi 1. Riba za benki kuu zilikuwa tayari chini mno kuweza kuteremshwa vya kutosha, benki zilikuwa hoi, na nchi jirani zilibana kwa wakati mmoja. Uhusiano huo ulipungua nguvu katika utabiri wa miaka iliyofuata, kwa hiyo usiibebe 1.5 kama namba ya kudumu.

Ugiriki ilipoteza takriban robo ya pato lake. Deni lilikuwa karibu 127% ya pato mwaka 2009, na kufika 2014 lilikaribia 180%, ingawa mwezi Machi 2012 wakopeshaji binafsi walikubali kufutiwa zaidi ya nusu ya thamani ya hatifungani zao.

Dhana: tafiti zimethibitisha kwamba kubana matumizi hukuza uchumi.

Zipo zilizosema hivyo, na tatizo lao liko kwenye kipimo. Ziliangalia salio la bajeti lililosahihishwa kwa mzunguko wa uchumi, yaani baada ya kuondoa athari za uchumi kupanda na kushuka. Soko la hisa likipaa, kodi huongezeka, bajeti huonekana imebanwa, na uchumi unakua kwa sababu ileile. Ireland 2009 ilikuwa kinyume chake: serikali ilibana kwa zaidi ya 4% ya pato, lakini bei za hisa na nyumba ziliporomoka na kipimo kikaonyesha bajeti imelegea. Jaime Guajardo, Leigh na Andrea Pescatori, watafiti wa IMF, walisoma hotuba na nyaraka za bajeti za nchi 17, 1978 hadi 2009, wakabakiza hatua zilizolenga nakisi yenyewe tu. Kubana kwa 1% kulifuatiwa na pato kupungua kwa takriban 0.6% ndani ya miaka miwili.

Dhana: deni likivuka 90% ya pato, ukuaji unakatika.

Wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa namba hiyo 2010, nayo ikatajwa sana na viongozi wa Ulaya. Mwaka 2013 Thomas Herndon, Michael Ash na Robert Pollin walifungua faili lao la Excel. Fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 ikaishia wa 44 badala ya 49, ikaacha Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Wengi hudhani hilo ndilo lililoharibu kila kitu, kumbe peke yake lilibadilisha wastani wa ukuaji kwa pointi 0.3 tu za asilimia. Kubwa zaidi lilikuwa uzito: mwaka mmoja wa New Zealand, 1951, wenye ukuaji wa −7.6%, ulihesabiwa sawa na miaka 19 ya Uingereza yenye wastani wa 2.4%. Ukisahihisha, wastani juu ya 90% ni 2.2%, si −0.1%. Tofauti ipo, ila hakuna ukingo wa kudondokea. Tena ukuaji hafifu nao huongeza deni.

Dhana: 3% na 60% za Maastricht ni mipaka ya kisayansi.

Mkataba wa Maastricht, uliounda Umoja wa Ulaya, unataka nakisi isizidi 3% ya pato na deni lisizidi 60%. Namba hizo zinaoana kwa hesabu tu: pato likikua kwa 5% kwa mwaka pamoja na mfumuko wa bei, nakisi ya 3% hulituliza deni kwenye 60%. Likikua kwa 3%, nakisi ileile hulipeleka 100%. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iliweka ukomo wa nakisi wa 3% katika itifaki ya umoja wa fedha ya 2013, kwa hiyo hesabu hii inatuhusu.

Mwisho, pato lenyewe. Takwimu za kwanza za Ireland za 2015 zilionyesha ukuaji wa 26%, kwa sababu kampuni za kimataifa zilihamishia huko hakimiliki na mali nyingine kwenye vitabu vyao. Tangu 2017 ofisi ya takwimu ya nchi hiyo hutoa pia kipimo cha pato kilichosafishwa, kinachoandikwa GNI*. Anayelinganisha deni la Ireland na la Ureno, la Ireland aligawanye kwa hicho.