Baba wa Kichina na baba wa Kariakoo

Juzi nilikuwa Kariakoo, dukani kwa Mchina mmoja muuza mabegi. Mwanawe, wa miaka mitatu hivi, akachungulia nyuma ya mabunda na kuita, "Bàba!" Dada mmoja aliyekuwa akibishania bei akageuka. "Heee! Kaka, hawa nao wametuibia neno?" Kijana wa dukani akadakia kwamba sisi ndio tuliowaibia wao.

Nafundisha isimu, na hili nina jibu lake: hakuna mwizi.

Waturuki husema baba, Waajemi vilevile, Washona vilevile. Ukiyapanga maneno hayo mstari mmoja unaona ukoo mzima. Ni mtego. Sikiliza mtoto mchanga anayeanza kubwabwaja. Midomo ikifumba na kufumbuka, inatoka ba au pa. Ulimi ukigonga nyuma ya meno, inatoka da au ta. Irabu a haidai ufundi, ni kuachama tu. Kwa hiyo mtoto analala chali, anaiambia feni "babababa", na mwanamume aliyesimama kando anavimba kichwa: kaniita! Hajaitwa mtu. Wazazi ndio tunaojipachika.

Na m je? Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba mtoto akiwa na ziwa mdomoni, mlio pekee unaoweza kupita ni wa puani. Alitumia orodha ya mwanaanthropolojia George Murdock yenye maneno 1,072 ya baba na mama kutoka lugha za dunia nzima: sauti za puani, kama m na n, zimo katika asilimia 55 ya maneno ya mama, na asilimia 15 tu ya yale ya baba. Ni mwelekeo, si sheria. Nchini Georgia, mama ndiye baba. Mama mzazi wanamwita deda.

Kwa hiyo ukitaka nasaba ya lugha, yaache maneno yanayofanana mno. Tafuta yanayotofautiana kwa utaratibu. Kilatini ni pater, Kiingereza father. Samaki kwa Kilatini ni piscis, kwa Kiingereza fish. P ya huku inakuwa f ya kule, neno baada ya neno, na mwanaisimu Mjerumani Jakob Grimm aliufafanua utaratibu huo mwaka 1822. Huo ndio ushahidi.

Sisi Wabantu tunao wetu, tena mtamu zaidi. Lugha zetu nyingi hazina neno moja la baba. Zina la baba yangu, la baba yako na la baba yake. Mnyarwanda humwita babake data, lakini baba yako ni so, na baba yake ni se. Kwa Wakikuyu, baba ni wangu tu. Wako ni thoguo, wake ni ithe. Kwa Wazulu, wako ni uyihlo. So, thoguo, uyihlo: kwa sikio la kawaida hayana udugu wowote. Sasa chukua neno la aibu. Kinyarwanda isoni, Kikuyu thoni, Kizulu izinhloni. S, th, hl, mpangilio uleule! Sisi Waswahili tumebaki na soni, lakini yule baba wa utatu tumempoteza, tunasema babako na babake basi. (Kwa jinsi "babako!" linavyotumika kwenye ugomvi wa daladala, huenda tungehitaji neno la ziada.)

Niliyaeleza haya pale dukani kwa kifupi, na bei ya begi haikushuka hata shilingi. Nilipotoka, mkokoteni ukanijia kwa kasi nyuma yangu. "Faza, pisha!"

Nikapisha. Hilo sasa ndilo la kukopa, kutoka kwa Waingereza, na th yao imegeuka z kama ilivyogeuka kwenye maza.