Ruta imewekwa megahezi 40, mbona simu inatumia 20?

Kwa miaka mingi niliamini upana wa chaneli ya waifai, yaani njia ya masafa inayopitisha data, huamuliwa na ruta peke yake: ukiichagulia megahezi 40, kila simu nyumbani itapata 40. Nilikosea. Nililigundua hilo Lamu, katika nyumba ya mawe huko Mkomani, nilipoketi barazani hatua tatu kutoka kwenye ruta na simu ikang'ang'ania kuandika kasi ya 72. Nilitarajia 150. Nikazilaumu kuta za matumbawe, ilhali hapakuwa na ukuta kati yetu.

Namba hizo mbili zina maana yake. Katika 802.11n, kiwango cha kiufundi cha waifai cha mwaka 2009, kifaa chenye antena moja hufikia megabiti 72.2 kwa sekunde kwenye chaneli ya megahezi 20, na 150 kwenye ya 40.

Ruta hujitangaza takriban mara kumi kila sekunde. Ndani ya tangazo mna habari mbili nilizokuwa nikizichanganya: uwezo wake, na upana unaotumika sasa. Tangazo lenyewe hutumwa kwa megahezi 20 za chaneli kuu ili wote walisikie. Simu inapojiunga, nayo hutaja uwezo wake.

Fikiria bohari yenye lango pana, punda hutoka na shogi lililotuna pande zote mbili. Mteja wa kwanza mlango wake ni mwembamba, kwa hiyo mpakiaji hupunguza mzigo upite. Wa pili ana mlango mpana, naye hupelekewa shogi lililojaa, asubuhi ileile, kutoka bohari ileile. Ndivyo ruta inavyofanya: pakiti (vifurushi vya data) za simu huzituma kwa 20, za kompyuta kwa 40, ndani ya mtandao mmoja.

Anayetaja kipimo cha mlango ni dereva, yaani programu inayoendesha kadi ya waifai. Hata kama kadi inaweza 40, dereva anaweza kutangaza 20 tu. Simu nyingi hufanya hivyo kwenye gigahezi 2.4, kwa sababu bendi hiyo, yaani eneo lote la masafa hayo, ina megahezi 83 hivi, na Bluetooth imo humo humo. Dereva pia hufuata kanuni za masafa za nchi uliyopo.

Lakini 72 pekee haikutosha kunionyesha nani aliyebana. Ruta nayo hutakiwa kurudi 20 ikisikia mitandao ya majirani inayogongana na yake, ingawa baadhi ya ruta huruhusu kuzima sharti hilo. Na kuna jambo linalonishangaza hadi leo: kifaa kinaweza kuwasha biti moja tu (alama ya 0 au 1) inayosema “sivumilii 40”, na mtandao mzima ukashuka. Hiyo ni tofauti kabisa na kusema “mimi naweza 20 tu”.

Nikaleta kompyuta yenye antena mbili palepale barazani. Ikaandika 300, kasi ambayo katika 802.11n antena mbili hazifiki bila megahezi 40. Basi ruta ilikuwa kwenye 40 muda wote, na simu ndiyo iliyoomba 20.

Nikaihamishia simu kwenye gigahezi 5, ikapanda hadi 433 kwa chaneli ya megahezi 80. Nilipoingia chumba cha ndani, nyuma ya ukuta mnene wa matumbawe, mawimbi ya 5 yakafifia. Nikairudisha kwenye 2.4, na 20 zake.